Mkalimani wa Darasa la Nne

Siku hizi ukifika shuleni kwetu ukamuuliza yule mama anayefagia korido kama mwalimu mkuu yupo, atakujibu, "Gonga mlango umuulize mwenyewe." Wageni hudhani ana kiburi. Hana. Nimefanya kazi naye miaka kumi na mmoja, na nakwambia, kama kuna mtu aliyependa kuwajibia wenzake, ni huyo. Ndiyo maana sisi walimu tulimbandika jina la Mkalimani, na jina likaganda.

Alianza na ufagio hukohuko. Kabla ya hapo alimuuguza mama yake, aliyepigwa na kiharusi ulimi ukafungika. Wengine nyumbani walisikia miguno tu, yeye alisikia "nigeuze", "funga dirisha", "mdogo wako amekula?" Mama akafariki, sikio lile likabaki halina kazi. Basi alipoletwa shuleni binti wa fundi viatu, akili timamu lakini ulimi mzito, kila neno analisukuma mpaka shingo inakakamaa, mfagiaji ndiye aliyemwelewa. Sisi tuliosomea ualimu tulikuwa tunaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua tunakubali nini.

Mwalimu mkuu akamwambia aweke ufagio chini akae na mtoto. Akapewa kiti kando ya dawati la mbele, na cheo: mwalimu msaidizi. Miaka minne hawakuachana, chanda na pete.

Walipofika darasa la nne wakawa wangu. Nikiuliza saba mara nane, binti anainuka, anaanza, "Ha..." na Mkalimani anamalizia, "Hamsini na sita, mwalimu." Nami nasema vizuri sana, kaa. Nina watoto sitini na wawili, kipindi ni dakika arobaini, na binti yule angehitaji muda wake kwa kila jibu. Nilimshukuru Mungu kwa Mkalimani. Nayasema haya mapema ili nisionekane namtupia mwenzangu lawama peke yake.

Wakati wa mapumziko alimchukulia chai jikoni. "Ya huyu usitie sukari," alimwambia mpishi, "haipendi." Siku moja nikamuuliza kajuaje.

"Siku ya kwanza alikisukuma kikombe," akasema. "Mimi huyu simuulizi, mwalimu. Namjua."

Alilisema kwa fahari, na mimi nikamwonea wivu kidogo.

Mara moja tu nilishtuka. Kipindi cha hadithi, binti alinyoosha mkono mwenyewe, akasimama, akaanza, "Ba... ba..." Darasa zima lilinyamaza, hata wale watukutu wa nyuma. Mkalimani akadakia, "Anasema baba yake amemshonea viatu vipya." Watoto wakapiga makofi. Binti akamtazama Mkalimani, akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vipya hata kidogo, akakaa. Nikajiambia nitamuuliza kesho alitaka kusema nini. Kesho ikazaa kesho, na mpaka leo sijui.

Mwisho wa mwaka wakaja maofisa wawili wa elimu kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Atakayefanya vizuri anapanda darasa la tano na msaidizi wake. Asiyeweza anarudi nyumbani kungojea nafasi kwenye shule maalumu, na nafasi hizo sote tunazijua, unangoja mpaka unaota mvi. Binti alikuwa anajua hesabu kuliko nusu ya darasa langu. Hatukuwa na wasiwasi.

"Msaidizi atasubiri nje," akasema ofisa, mama mtu mzima, mpole.

"Lakini bila mimi hamtamwelewa," Mkalimani akamwambia.

"Tutajitahidi, mama. Tunataka kumsikia yeye."

Mlango ukafungwa. Mimi nilikaa pembeni kama mwalimu wa darasa, nikakatazwa kumsaidia. Ofisa akamuuliza anaitwa nani. Akangoja. Akamuuliza saba mara nane. Akangoja, tena bila kutazama saa. Akamuuliza anapenda nini shuleni. Binti hakufungua mdomo. Alikuwa anatazama mlango tu, na chini ya mlango tuliona kivuli cha miguu ya Mkalimani.

Ofisa akanigeukia. "Mwalimu, kwa kawaida anakujibuje?"

Mwaka mzima yuko darasani kwangu, na sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi hata moja.

"Kwa kawaida," nikasema, "anajibu yule mama aliye nje."

Akaandika. Barua ilipokuja ilisema mtoto hakuweza kuwasiliana, angojee nafasi. Mkalimani aliwatukana maofisa wiki nzima, akaenda mpaka ofisini kwao, akarudi bila kitu. Kisha siku moja akaingia kwa mwalimu mkuu, akaomba ufagio wake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye alilia stoo, kati ya ndoo na matambara, nikamsikia nikapita kimya. Hilo pia linanisuta.

Miezi ilipita. Soli ya kiatu changu ikabanduka, nikapata kisingizio, nikamburuta Mkalimani twende wote kwa fundi. Tulimkuta kibandani, misumari midogo ameibana midomoni kama kawaida yao, nyundo mkononi. Binti alikuwa kwenye kigoda anapanga kamba za viatu kwa rangi. Alitabasamu alipotuona, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenuna.

Fundi akatuagizia chai kwa muuzaji wa jirani. Akatema misumari kiganjani, akasema, "Ya binti yangu vijiko viwili vya sukari."

"Lakini huyu hatumii sukari," Mkalimani akasema.

Fundi akacheka. "Huyu? Ukimwachia kopo la sukari utakuta limebaki kopo na kifuniko chake tu. Kaniambia mwenyewe, tena anataka vitatu, namkatalia."

Mkalimani akachuchumaa mbele ya kigoda. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Mwanangu, miaka minne unakunywa chai chungu. Mbona hukusema?"

Binti akaanza. Shingo ikakakamaa. Nikaona midomo ya Mkalimani inacheza, inataka kumsaidia, mara akajiziba mdomo kwa kiganja. Fundi yeye alirudisha misumari midomoni akaendelea kugonga soli yangu, sikio kwa mwanawe. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumbani mtoto anaongea. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kumkatiza mwenzake.

Akagonga msumari mmoja. Akagonga wa pili. Akakigeuza kiatu, akagonga wa tatu.

"Ulikuwa... unasema... wewe," binti akasema.

Hakusema kwa hasira. Akachukua chai yake akapuliza. Mkalimani alibaki amechuchumaa, kiganja bado mdomoni, na mimi nilikaa na mguu mmoja peku, nikiwaza darasa langu na dakika zangu arobaini. Ilikuwa sentensi ya kwanza niliyomsikia akiimaliza, na ilichukua misumari mitatu tu.