Chaki ya Mlangoni

Juma lililopita, kwenye dirisha la ofisi ya mtaa wetu hapa Kolwezi, karani aliyetoka semina alitueleza kwa furaha kwamba nchi za visiwa vidogo huhesabu kila nyumba. Zinajua nani anakosa maji na nani bahari itamfikia kwanza, ndipo zinapanga maendeleo.

"Na siye tutafanya vile," akasema, akiinua kipande cha chaki. "Kila mulango itapata alama, na jina ya kwenu kwa asili ni wapi."

Mama mzee aliyekuwa mbele yangu akaifunika ile chaki kwa kiganja.

"Tata, ule mwaka ya kufukuza bantu ba Kasai, ba chanjo njo balitangulia kuya. Baliandika ku mulango hesabu ya batoto, na kwabo wapi. Tulibapatia hata chai. Kiisha bale ba kufukuza bakakuya. Habakuuliza njia. Balipita kwangu, bakasimama kwa jirani, mutu wa Kasai."

"Mama, hii ni ya maji tu."

"Na ile ilikuwa ya chanjo tu."

Mimi nimeandika mara nyingi katika safu hii kwamba bila takwimu hakuna kisima kitakachochimbwa mahali panapostahili. Nilirudi nyumbani nikiipanga hoja ya kumjibu.

Mlangoni nikakuta alama tayari, kwa mwandiko mzuri, na chini yake jina la kijiji cha babu yangu, kule Kasai. Nyumbani hakuna aliyesikia hodi. Na hicho kijiji sijawahi kumtajia mtu yeyote mtaani.