Kusema Hapana Siku ya Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karai na ndoo ya mchanga, nikapelekwa juu ya paa la jengo letu katikati ya Nairobi, nikaambiwa nisishuke mpaka nijue kuosha. Nilikuwa nimevaa suti ya kuazima, nikidhani nimeajiriwa ofisini. Fundi Mkuu, bosi wangu wa kwanza, alikaa kivulini akinitazama nikijimwagia maji viatuni. Kuosha dhahabu ni hivi: unatia mchanga na maji kwenye karai, unalizungusha polepole huku umeliinamisha, kilicho chepesi kinatoka na maji, na kilicho kizito kinabaki chini. Mwishoni unabakiwa na mchanga mweusi, na ndani yake, ukibahatika, chembe ya njano. Jioni ile mgongo uliniuma, na ninyi vijana mnaoniuliza habari za kazi yangu, jueni kwamba hadi leo unaniuma.

Kampuni yetu haikuwa ya wachimbaji. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili ilikuwa ikipeleka watu matembezini: wafanyakazi wa benki, walimu, Wazungu wa mtaa wa Spring Valley, watu waliotaka kumaliza wikendi yao wakipekua kokoto badala ya kukaa baa. Kwanza nilipangiwa mito ya Pokot, kwa wapenda dhahabu. Kisha Msimamizi wa Safari akanihamishia milima ya Taita, kwenye vito. Huko tulitumia ungo wa waya. Kokoto zinaoshwa kijitoni, ungo unapinduliwa juu ya gunia, na kila mtu anainama kutafuta rangi. Fundi Mkuu alipostaafu nikarudishwa mjini, nikapewa meza yake, gurudumu la kukatia vito, jina la Fundi, na ile kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kusema hapana.

Maana tulikuwa na sheria. Mlimani hakuna aliyeambiwa ameokota nini. Jiwe likiwa limelowa hung'aa, hata takataka hupendeza, kwa hiyo kila mtu alilifunga lake kitambaani, akaja nalo ofisini Jumatatu likiwa kavu. Nililitazama asubuhi, dirishani, juu ya karatasi nyeupe. Karibu kila Jumatatu niliwaambia watu wazima kwamba walichokibeba kutoka Taita ni jiwe la kawaida tu. Wengine walicheka. Wengine walininunia kana kwamba mimi ndiye niliyeliumba. Kazi hiyo inachosha kuliko koleo, nawaambia.

Aliyevunja sheria ni Mkurugenzi mwenyewe. Safari moja aliamua kuandamana nasi ili wateja wamwone. Miongoni mwao alikuwamo Mwalimu, mstaafu wa mtaa wa Woodley, mteja wetu wa siku nyingi. Mkewe, Mama Wambui, alikuwa amelazwa hospitalini, naye Mwalimu hakutaka kumwacha. Mama ndiye aliyemfukuza aende, akatafute lile jiwe la kijani aliloahidiwa tangu ujana wao. Basi Mwalimu akaokota kitu cha kijani kijitoni, na Mkurugenzi akakidaka kikiwa kinachuruzika maji, akakiinua juani.

"Mwalimu, umeomoka," akasema mbele ya wote. "Hii ni garneti ya kijani, kito cha pesa nyingi. Ndiyo hii yenyewe."

"Bosi, si tungoje Jumatatu?" nikamwuliza.

"Wewe nawe, Fundi. Wacha mzee wa watu afurahi."

Mwalimu alikuwa ameshapanda mwamba kutafuta mtandao. Tulimsikia akipaza sauti kwenye simu: "Mama Wambui, nimeipata. Ile yako. Sasa wewe upone tu."

Mwalimu alikuwa ameniachia kitu chake nikikate, na Jumatatu asubuhi nilikigusisha mdomoni. Jiwe halisi huwa baridi, lakini hicho kilipata joto upesi. Nikatazama kwa lenzi nikaona viputo vya hewa. Kilikuwa kipande cha chupa, kilichosuguliwa na mchanga wa kijito mpaka kikawa laini. Mkurugenzi alinijia mezani kabla Mwalimu hajafika.

"Kata, umpatie," akasema. "Huyo mama ni mgonjwa. Ukianza kusema ati ni chupa, utamuua."

Niliogopa sana, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba amekosea. Lakini Mwalimu alipoketi mbele yangu, kofia magotini, nilishindwa kumficha. Nikamwambia.

Alikiinua kile kipande, akakitazama dirishani. "Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Basi ikate hiyo hiyo. Anaingoja."

Niliikata, nikaitia kwenye pete ya fedha, akaipeleka hospitalini. Mama Wambui akapona. Kila nilipomwona mjini na pete kidoleni nilivuka barabara, kwani niliona nimemvika uongo mtu ambaye hakuwa na habari. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonimaliza kuliko safari zote. Nilipostaafu sikufanyiwa sherehe, wala sikuitaka. Nilitaka kulala tu.

Mwalimu alifariki nikiwa nimeshahamia Dagoretti. Alasiri moja mjane wake akabisha hodi kwangu, nikamkaribisha chai. Akavua pete akaiweka mezani.

"Fundi, naomba unisafishie hii. Imekwaruzika. Si unajua chupa, hata mchanga wa kusugulia sufuria unaikwaruza."

Nikaweka kikombe chini. "Mama, nani alikuambia ni chupa?"

"Mwalimu. Alikuja pale kitandani akanipa, na kabla sijaivaa akasema yote. Huyo mzee angeficha nini? Hata homa ilimshinda kuficha."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia, siku ukipata ile ya kweli, itafutie mke mwingine. Mimi yangu nishapata."

Niliisugua pete ile pale pale, kwa kitambaa na unga wa kung'arishia, yeye akinywa chai yake. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo pekee iliyonipumzisha.