Wangechi wa Wamagana, Anayesoma Bei ya Uzi Usoni mwa Muuzaji

Saa mbili na nusu asubuhi, mashine ya kufuma inalia kra-kra katika kibanda cha mabati sokoni Wamagana. Wangechi Kingori, miaka 54, anavuta mkono wa sweta ya kijani. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na kati ya sweta 240 zimebaki tisa kufumwa.

"Hesabu mwenyewe," anasema. "Lakini usizikunje vibaya."

Kufuma si kazi, anasema. Kazi ni kutaja bei. Shule huitaka Novemba, uzi ukiwa haujanunuliwa, na ikishaandikwa haibadiliki mwaka mzima.

Mwishoni mwa 1992 alitaja shilingi 180 kwa sweta. Kilo ya uzi ilikuwa 200. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata ilikuwa 390. Kila alipofika dukani kwa Abdulkadir mjini Nyeri aliambiwa, "Uzi umeisha, Mama Theuri. Rudi kesho." Alirudi. Uzi ulikuwepo, na bei mpya juu yake. Aliuza ng'ombe wake wote wawili ili watoto wa watu wavae.

"Nilikuwa naangalia bei ya jana," anasema. "Sikuwa naangalia uso wa Abdulkadir."

Siku hizi anauangalia. Novemba iliyopita mwenye duka alimvutia kiti, akamwagizia chai, akamsihi achukue marobota matatu, atalipa baada ya Krismasi. Wangechi alikunywa chai yote, akachukua robota moja.

"Mtu akijua bei itapanda, ataninywesha chai ndio nimwondolee mali? Si angeficha?"

Basi akataja 290. Kananu, mfumaji wa mjini, alikuwa ametaja 370, maana kila mtu aliamini mambo ya 1993 yanarudi. Kamati ya shule ikawatazama kwa zamu. Wangechi akikosea, kilichobaki cha kuuza ni mashine.

"Mama, kwani uko na ng'ombe wangapi sasa?" Kananu akamuuliza.

"Hakuna hata mmoja," Wangechi akajibu. "Bila ng'ombe wa kupoteza, hata wewe ungelala vizuri."

Kazi akapewa. Mwezi huu wa Januari kilo imeshuka kutoka 400 hadi 320, na yale marobota mawili aliyoyakataa bado yako kwenye rafu ya Abdulkadir. Uzi wa kumalizia kazi ameununua kwa bei hiyo mpya, pesa taslimu, akiwa amesimama.

Faida yake itatoa malipo ya kwanza ya mashine ya pili, aliyoiona Karatina. Mkaza mwanawe, mke wa Theuri, ameshaanza kujifunza.

Mwalimu mkuu, Wamae, anaingia kuchukua sweta za kwanza. Anazipapasa, anatabasamu, kisha anatoa ombi: kamati ingependa bei moja ya miaka miwili.

Wangechi anasimamisha mashine.

"Mwalimu, mwaka mmoja naweza kukutajia, kwa sababu naenda dukani na naona watu. Huo wa pili uko na Mungu, na bado hajanialika chai."