Siku Baba Alipomsemea Chifu

Utafiti wangu wa hotuba za kisiasa za karne ya kumi na tisa haukumtisha mtu nilipokuwa chuoni Mbarara. Chumbani kwangu, mtaa wa Nyamityobora, machifu waliozitoa walikuwa marehemu watulivu: nilichambua sentensi zao, nikanywa chai, nikalala. Kisha mwalimu wangu akataka nimpate mtu anayeikumbuka hata hotuba moja kwa moyo. Baba yangu, mkulima wa mahindi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alirithi kwa babu yake maneno ambayo chifu wetu wa Kivu ya Kusini aliwaambia watu siku ya kuwakabili wawindaji wa watumwa.

Nikaenda kwake Kashojwa, humo humo kambini, na simu ya kurekodia. Akakataa kuanza.

"Mwanangu, iyi maneno mutu hasemake yeye peke. Inaomba batu ba kuitika."

Ndiyo desturi yetu: kila chifu akinyamaza kidogo, watu hujibu "Tuko!" Nilidhani mama na jirani wawili wangetosha. Baba aliwaita wote wa kwetu, wakajaa uani mchana kweupe. Alipofika pale chifu anapouliza nani ataikomboa nchi, walioitika hawakuwa wanaigiza. Nilifurahi, mtafiti mzima! Kisha nikaona majirani zetu Warundi wakiwaingiza watoto ndani na kufunga milango, nikaogopa vibaya.

Polisi wawili wakaja. Mkimbizi haruhusiwi siasa, na tuliwajua wazee waliochukuliwa kwa kukusanya watu, na mpaka leo hawajarudi.

"Nani anaita watu hapa kwa vita?"

"Ni masomo, afande. Huyo chifu alikufa zamani, karne ya kumi na tisa."

"Kama alikufa, hawa wanajibu nani?"

Swali hilo sikulisoma popote. Nilitoa kitambulisho cha chuo, nikabembeleza mpaka wakamwacha baba kwa onyo: wakisikia tena mkutano kwake, wanamchukua.

Kesho yake asubuhi tulibishiwa hodi. Walikuwa wanaume wa jana, wale walioitika kwa nguvu zaidi, kila mmoja na mfuko begani.

"Papa, tunarudia kwetu siku gani?"

Baba, ambaye nilikuwa nimemwomba aseme kwa sauti ya juu, sasa aliwasihi kwa kunong'ona waende zao, maana polisi wangewaona. Alipotua kuvuta pumzi, waliitika "Tuko!" kwa pamoja, wakabaki pale mlangoni.