Nne Niliyoiandika Kabla Hajaimba

Hospitali yetu ina vyumba viwili vya nguo. Kuna cha kufulia, ambako mashine nne hunguruma tangu asubuhi, na kuna cha pasi, upande wa pili wa ukuta. Mimi ni wa mashine. Yeye alikuwa wa pasi, mwaka wa kumi na tisa, na karibu miaka yote hiyo tulikuwa watu wa habari-nzuri basi.

Tulimwita Chai. Jina nilimpa mimi, na bora niseme mwenyewe kabla sijasemewa. Baba yake alikuwa wa rangi nyingine, mama yake wa rangi yetu, yeye akatoka katikati. Siku yake ya kwanza alipopita na rundo la mashuka nikasema, "Jamani, hii chai imezidi maziwa!" Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye akaweka mashuka yake, akasema, "Kazi njema, dada zangu," akaenda zake. Kesho yake nikamwita Chai, akaitika. Mtu akiitikia jina la kebehi kwa upole, usidhani amelipenda. Hilo nimelijua ukubwani.

Kila mwaka wafanyakazi tunashindana kuimba, na mshindi ndiye anayeongoza kwaya ya hospitali mwaka mzima. Anachagua nyimbo, anafundisha, anasimama mbele wageni wakija. Waamuzi ni watatu: matroni, ambaye ndiye mwenyekiti, afisa utumishi, na mtu mmoja kutoka kwetu sisi wa mikono michafu. Mwaka juzi matroni aliniteua mimi. "Wewe huna adabu," aliniambia, "na mimi nataka mtu asiyeogopa kumwambia mwenzake kwamba ameimba vibaya." Nikaona nimepewa cheo.

Basi Chai akaja kushindana, mara yake ya kwanza. Kabla hajafungua kinywa nilishaandika nne. Nne kati ya kumi. Kwa nini? Kwa sababu sisi wa mashine tunajuana kwa sauti. Ukiimba kwetu usisikike juu ya mashine, huna sauti, mambo yamekwisha. Huyu miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Halafu nilijisemea, watu wa aina yake nyimbo zetu watazitolea wapi? Wataziimba puani tu. Akaimba, na pumzi ikamkatika katikati ya neno, mara tatu. Nikatazama ile nne yangu nikasema moyoni, si nilijua! Nikajiona nina kipaji.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mashindano, mashine yangu ikafa. Wakati tunamsubiri fundi nikapelekwa chumba cha pasi kukunja mashuka.

Siku ya kwanza alipiga pasi kimya. Siku ya pili alinisahau, akaanza kuimba. Niseme nini? Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka, nikabaki nimezishika hivyo hivyo kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo, haina haraka, na kila neno lilikaa mahali pake. Akisukuma pasi anaimba, akiinyanyua anavuta pumzi, akiitua anaendelea. Shuka likiisha na ubeti umeisha.

"We Chai," nikamwambia, "mwaka juzi ulikuwa wapi na sauti hii?"

Akashtuka. "Nilikuwa pale pale mbele yako."

"Mbona pumzi ilikukatika?"

"Mikono ilikuwa mitupu." Akaona sijaelewa. "Nimejifunza kuimba mezani kwa mama yangu, akipiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Bila pasi sijui pa kuvutia pumzi. Pale ukumbini nilisimama kama mlingoti."

Wiki ile alinisimulia mengine, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye kola za makoti ya madaktari. Baba yake alirudi kwao yeye hajaota meno. Kwa upande wa mama, wajomba walimwita "mtoto wa yule". Alipofika miaka ishirini alimtafuta baba mpaka nyumba akaiona. Shangazi yake ndiye aliyefungua mlango, nusu. Akamtazama toka nywele mpaka viatu, akamwambia, "Wa kufanya kazi tunao."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asante. Ningemwambia nini, dada? Nikageuka."

Nikakunja mashuka bila kuyahesabu. Mwisho nikasema, "Nilikuandikia nne kabla hujaimba."

Akatua pasi kwenye kibao chake. "Nilikuona. Kalamu yako ilitembea, mimi bado nakohoa."

"Nisamehe. Na mwaka huu nitakupa kumi, Mungu shahidi."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara ya kwanza na ya mwisho. "Usithubutu! Ukinipa nne kwa sura yangu umenionea. Ukinipa kumi kwa huruma, ni sura ile ile umeitazama. Mimi nastaafu mwakani. Nataka kwaya ile, nimeitaka tangu siku niliyoingia hapa. Lakini nisikilize, basi. Nikishindwa, nishindwe kwa kuimba."

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa, na washindani walikuwa wawili tu. Mpishi wa wagonjwa aliimba kwanza, mama mwenye kifua cha tarumbeta, watu wakapiga makofi. Kisha Chai akaingia amebeba meza ya pasi kwapani, na pasi mkononi, baridi, waya umezungushiwa. Na shuka moja. Kicheko! Mtu akapaza sauti, "Mama, koti langu usilisahau!"

Afisa utumishi akainuka. "Huu ni mchezo wa kuigiza. Atolewe."

Matroni hakugeuza hata shingo. "Mwaka juzi mlinzi wa getini aliimba ameshika rungu, hukusema kitu. Kaa."

Akaimba. Watu walicheka ubeti wa kwanza, wa pili wakanyamaza. Pasi ile baridi ilikwenda na kurudi, na sisi wote tulikuwa tunavuta pumzi naye bila kujua. Yule wa koti alikuwa amevua kofia. Mimi nilikuwa nimeweka kalamu sakafuni, mbali na mkono wangu, niiokote akimaliza. Ubeti wa tatu sauti ilimshuka, akapoteza mstari mmoja, akaurudia chini kidogo kuliko ulivyotakiwa. Wa nne akatengemaa.

Nikaokota kalamu. Nilitaka kumi, mkono uliwasha. Nikaandika nane.

Tukaenda chumba cha pembeni kujumlisha. Mpishi: matroni nane, mimi saba, afisa tisa. Chai: matroni tisa, mimi nane, afisa mbili.

"Mbili ya nini?" matroni akauliza.

"Ni maoni yangu."

"Nakuuliza alikosea wapi. Sauti? Maneno?"

"Sauti anayo," akasema, na alisema bila aibu, kama anasoma barua. "Hilo sikatai. Lakini kiongozi wa kwaya ndiye sura yetu. Wageni wakija wamwone chotara mbele, watajiuliza sisi ni watu gani. Watu wa namna ile wana kwao."

"Kwao wapi?" nikaropoka. "Kwao ni chumba cha pasi! Hilo shati ulilovaa limetoka mkononi mwake!"

Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyempa jina la Chai. Leo unanifundisha mimi?"

Kweli, nyani haoni kundule. Nikasema, "Ni mimi. Na mwaka juzi nilimpa nne bila kumsikia. Nilikuwa na dhana, na dhana yangu ilikuwa ya kijinga, nilipomsikia ikanitoka. Wewe umemsikia. Umesema mwenyewe ni mzuri. Na bado umechukua kalamu ya ofisi ukamfungia mlango."

Sikusema ili nijione bora. Dhana yangu na ubaguzi wake si kitu kimoja, lakini kwa Chai aliyesimama pale na meza yake, nne yangu ilimrudisha nyumbani kama ambavyo mbili hii ingemrudisha. Hilo silisahau.

Matroni akasukuma karatasi mbele ya afisa. "Andika alama ya kuimba. Kwa wote wawili. Usipoandika, karatasi yako nzima naiweka kando, ya mpishi na ya huyu."

Hakuandika. Alitoka, mlango akauacha wazi. Tukajumlisha za wawili: mpishi kumi na tano, Chai kumi na saba.

Matroni alipotangaza, mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Chai alisimama tu anauzungusha waya wa pasi, ule ule uliokwisha kuzungushwa. Nilimkuta kwenye korido, ananisubiri.

"Ulinipa ngapi?"

"Nane."

"Kwa nini si tisa?"

"Ubeti wa tatu ulishuka, dada."

Akatua meza ya pasi ukutani, akafunga macho, akauimba ubeti wa tatu polepole, kidole kinanikataza nisiseme. Akafika kwenye ule mstari, akasimama.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Kweli bwana," akasema, na uso wake ukafunguka, akacheka. "Nimeanza juu mno. Ngoja nianze tena, halafu uniambie."

Nikaegemea ukuta, nikamsikiliza.