Muhogo Uliotafunwa

Jumamosi, tarehe nane Juni, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi nyumbani kwa mama mkubwa, Msambweni. Kovu la shingoni lilikuwa bado bichi. Daktari wa Mombasa alikuwa amenitoa tezi iliyovimba, akanieleza kwamba ugonjwa huo ni adimu na chanzo chake hakijulikani sawasawa. Tezi yenyewe ilikuwa ikichunguzwa, isije ikawa kirusi ndicho kilichoivimbisha. Alinipa na swali la kumpelekea aliyenilea: utotoni, je, nilitafuniwa chakula? Kirusi alichokishuku huweza kupita kwenye mate.

Mama mkubwa, aliyenipokea kwa marehemu dada yake nikiwa sijaota meno, alicheka hadi akajishika ubavu.

"Na wao madaktari walilishwa na nani, mashine? Wewe kitu hukimezi mpaka nikutafunie! Kinda la njiwa!"

Nikacheka naye, maana nakumbuka, au nimesimuliwa mara nyingi hata nikadhani nakumbuka. Alikuwa akitoa tambuu shavuni, akasukutua kwa maji ya kata, ndipo akatia tonge la muhogo kinywani mwake. Lilinifikia likiwa vuguvugu, lina harufu ya hiliki ya tambuu. Nilipougua bwenini, na baadaye chuoni, nilichokitamani si ule muhogo hasa, bali kuketi mbele ya mtu asiyekuwa na haraka nami.

Kicheko chake kikakatika ghafla.

"Kwa hivyo ni mimi niliyekutia maradhi?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

"Swali lenyewe limesema."

Jioni mjukuu wake mdogo alipomwendea na kinywa wazi, akingoja kutafuniwa kama kawaida, alimsukumia bakuli na kijiko, akageukia ukutani. Mtoto alilia sana. Nami nilipoaga, aliniambia bila kunitazama:

"Majibu yakitoka usinipigie simu, utanibembeleza tu. Andika. Mkaza mwana wangu atanisomea. Huyo hana huruma, husoma kilichopo."

Wiki chache baadaye nilimpelekea barua hii:

"Mama mkubwa, shikamoo. Majibu yametoka. Kirusi walichokuwa wakikitafuta hawakukiona ndani ya tezi. Kilichoniuguza hawakijui, na daktari amekiri hivyo mbele yangu. Nilimuuliza: kama kingeonekana, ungeweza kusema kilitoka kwa mama yangu? Akajibu kwamba asingeweza, kwani mtoto hupakatwa na hubusiwa na wengi, na mate hayasemi yametoka kwa nani. Anaamini tezi iliyotolewa ndiyo iliyokuwa imeugua peke yake. Atakuwa akinitazama tu mara kwa mara. Mimi ni mzima, kovu linawasha kidogo.

Chakula cha mjukuu kiponde kwa kijiko. Ndivyo anavyoshauri daktari, nami nakubaliana naye. Lakini mpakate unapomlisha, mama, wala usimwachie bakuli ukageukia ukuta. Mimi kwako sikumbuki siku niliyokula peke yangu."