Picha Usawa wa Kitanda

Juzi, kwenye duka la fremu hapa Timbwani, mwanamke mmoja alileta picha ya shamba la minazi. Mamake, asiyeweza tena kuinuka kitandani, ndiye aliyeichagua.

"Usitie kioo, kaka," alimwambia fundi. "Taa ikiwaka kitameremeta, mama asione kitu."

"Umejuaje, dada?"

"Nililala pale pake nikatazama."

Fundi akamshauri aitundike usawa wa macho ya mtu aliyesimama, wageni waione vizuri. Yule mwanamke akatabasamu, akashusha kiganja mpaka kwenye goti.

"Wageni watainama."

Nimekaribishwa kwenye sebule nyingi zilizopambwa kwa ajili yetu wageni. Hicho ndicho chumba cha kwanza nilichosikia kikipambwa kwa ajili ya anayelala humo.